Neno 'mbegu' linavyomkanganya mfugaji wa nyuki

Majuzi hapa Nakuru niliombwa kufasiri hotuba ya mtaalamu wa wadudu mbele ya wafugaji wa nyuki. Alieleza jinsi jeni ngeni zinavyoweza kutiwa katika nyuki kupitia kwa shahawa. Nikaona nirahisishe: "Mbegu ngeni hupitishiwa kwenye mbegu za kiume."

Mzee mmoja wa Marigat akainua mkono. "Mwalimu, kwani hawa watu wanataka kutupandia mahindi ya GMO ndani ya mzinga?"

Watu waliangua kicheko. Mimi sikucheka, maana kosa lilikuwa langu.

Jambo lenyewe ni hili. Malkia wa nyuki hupandwa na madume kadhaa angali mchanga, akahifadhi shahawa zao katika kifuko mwilini na kuzitumia kwa miaka. Mnamo 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walieleza kwamba walichanganya DNA ngeni na shahawa za nyuki, wakawatia malkia mchanganyiko huo kwa chombo maalumu. Baadhi ya mabuu waliozaliwa wakapatikana na DNA hiyo. Shahawa ilifanywa hamali.

Sasa tazama mzigo tunaoubebesha neno 'mbegu'. Mkulima wa Njoro huipanda shambani, daktari huizungumzia katika uzazi, nami nikaitwika maana ya jeni. Hata kitenzi 'kupanda' hutumika kwa mahindi na kwa fahali! Mzee yule angeelewaje?

Jeni ni chembe ya urithi, nayo imo katika ngeli ya I-ZI: jeni hii, jeni hizi. Nchini Tanzania utasikia pia 'vinasaba', neno linalotokana na nasaba, yaani ukoo, hasa kwa maana ya DNA. Shahawa ni mbegu za kiume. Katika mazungumzo ya aina hii, 'mbegu' tuiachie shamba.

Huku si kuchagua maneno kwa ajili ya mtihani. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inataka umma ushirikishwe. Mtu hawezi kukubali wala kukataa asichokielewa.

Nilirudia maelezo kwa maneno yanayofaa. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na dume wa hao nyuki akiruka akutane na malkia wa mzinga wangu?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Swali hilo lilimfaa mtaalamu, si mimi. Nikamfasiria neno kwa neno.