TP Mazembe 2010: namna walifika fainali ya dunia bila Mputu

Wapenzi wa mupira, iwe Nyamitaba, Kitshanga ao Walikale, wanajua ile dansi ya kipa Robert Kidiaba: anakaa chini, anaruka-ruka kwa matako. Dunia nzima iliiona Abu Dhabi mwezi Desemba 2010. Kinachosahaulika ni kwamba ile timu ya Lubumbashi haikuwa na mchezaji wake mkubwa.

Trésor Mputu, ambaye CAF ilimchagua mchezaji bora wa 2009 kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika, alikuwa amefungiwa. Mei 2010, katika Kombe la Kagame kule Kigali, yeye na mwenzake Guy Lusadisu walimvamia mwamuzi. FIFA ikampa Mputu mwaka mzima bila kucheza, Lusadisu miezi 11.

Wengi waliona msimu umekwisha. Tena mwaka 2009, Mputu akiwepo, Mazembe ilipoteza mechi zake zote mbili za Kombe la Dunia la Vilabu: 2-1 kwa Pohang ya Korea ya Kusini, halafu 3-2 kwa Auckland City ya New Zealand. Ile ya pili iliuma sana.

Lakini kocha Msenegali Lamine N'Diaye aligawa kazi kwa wote. Katika fainali ya Afrika, Espérance ya Tunis ilikula mabao 5-0 Lubumbashi. Marudiano yakawa 1-1, na kombe likabaki Kongo.

Njo wakarudi Abu Dhabi. Ile wakati, bingwa wa Afrika alianzia robo fainali. Wa Ulaya na wa Amerika ya Kusini waliingia moja kwa moja nusu fainali. Bedi akaifunga Pachuca ya Mexico, 1-0. Halafu Kabangu na Kaluyituka wakaiangusha Internacional ya Brazil, 2-0. Mpaka siku ile, kila fainali ilikuwa ya Ulaya na Amerika ya Kusini tu.

Tarehe 18 Desemba, Inter Milan ilikuwa kali kupita kiasi. Pandev na Eto'o walifunga kabla ya dakika ya 20, Biabiany akamaliza: 3-0.

Kombe la Afrika lenyewe halikupotelea uwanjani. Mei 2011 CAF iliitoa Mazembe mashindanoni juu ya karatasi za mchezaji Janvier Bokungu. Waliolalamika ni Simba ya Tanzania, ambao Mazembe ilikuwa imewatoa.