Kumsindikiza Mgonjwa India: Chagua Chumba Kwanza

Makisio ya hospitali yamefika, ukoo umechanga, na mgonjwa hawezi kusubiri. Limebaki swali ambalo hospitali haikulijibu: mtaishije Delhi, Chennai au Hyderabad kwa wiki tatu, nne, pengine nane? Bei ya upasuaji mnayo kwenye karatasi. Chumba, chakula, laini ya simu, bajaji na dawa za baada ya kuruhusiwa havimo, na humo ndimo michango ya watu inamoishia.

Kabla ya yote, muulize daktari wako bila haya kama kazi hiyo haifanyiki nyumbani. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ilianza kazi mwaka 2015, na wagonjwa wengi wa moyo ambao zamani wangepelekwa India sasa wanatibiwa Dar es Salaam. Akisema safari haikwepeki, endelea kusoma.

Kwa hesabu za haraka, rupia moja ni karibu shilingi 30 za Tanzania, au shilingi moja na nusu ya Kenya. Bei nitakazotaja ni za kukadiria na hubadilika mji kwa mji, lakini zinatosha kukusaidia kuamua.

Viza na kadi ya chanjo

Omba viza ya matibabu kwa mgonjwa na viza ya msindikizaji kwa wanaomfuata. Mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Ile ya mtandaoni ni ya siku 60. Ombi lipeleke kwenye tovuti ya serikali ya India, ambayo anwani yake inaishia na gov.in. Ziko kurasa za mawakala zinazofanana nayo sana, na hizo zinakutoza zaidi kwa fomu ile ile ambayo ungeijaza mwenyewe. Ukikaa zaidi ya siku ulizopewa utalipa faini na kuhangaikia kibali cha kutoka, kwa hiyo matibabu yakirefuka omba nyongeza mapema.

Anayetoka Kenya, Uganda au Congo asisahau kadi ya homa ya manjano. Asiye nayo anaweza kutengwa hadi siku sita tangu atoke huko, na chanjo huhesabika kuwa halali baada ya siku kumi. Ukichanja wiki ya safari umechelewa. Mtanzania anayeunganisha ndege katika nchi hizo naye aibebe.

Chumba

Hapa ndipo pa kutuliza akili, maana chumba ndicho kinachoamua mtakula nini, mtapanda nini na mgonjwa atalalaje. Uchaguzi halisi ni wa aina tatu: hoteli, nyumba ya wageni iliyo jirani na hospitali, au nyumba ya kupanga yenye samani.

Hoteli inafaa kwa siku mbili tatu za kwanza tu. Haina jiko, na kila chupa ya maji na kila nguo inayofuliwa inaingia kwenye bili.

Nyumba za wageni zimejaa kuzunguka hospitali kubwa. Chennai, mtaa wa Greams Road na vichochoro vyake unaishi kwa biashara hiyo, na Delhi utazikuta kwenye mitaa inayopakana na hospitali. Chumba cha kawaida chenye choo chake huwa kati ya rupia 1,000 na 2,500 kwa usiku, na nyingi zina jiko la pamoja. Faida yake kubwa ni miguu: mgonjwa mwenye mshono mpya anafika kliniki bila kurushwarushwa kwenye bajaji.

Nyumba ya kupanga inaonekana rahisi mpaka uijumlishe. Tuseme kodi ni rupia 25,000 kwa mwezi, dalali anataka nusu ya kodi, na umeme ni rupia 3,000. Mwezi wa kwanza ni 40,500, na juu yake kuna dipoziti ya angalau mwezi mmoja inayobaki mikononi mwa mwenye nyumba. Gesti ya rupia 1,500 kwa usiku ni 45,000 kwa siku thelathini. Tofauti ni 4,500, nawe umefungia 25,000 ambazo ungeweza kuzihitaji hospitalini. Kwa miezi miwili mambo yanageuka: gesti 90,000, nyumba 68,500. Wiki sita ziko katikati, ila wenye nyumba wengi hutoza mwezi mzima hata ukiutumia nusu. Ushauri wangu: chini ya wiki sita kaa gesti yenye jiko, kama daktari amesema miezi miwili au zaidi, panga. Bengaluru iangalie kwa jicho la pekee, kwani dipoziti za huko zimezoeleka kuwa za miezi mingi.

Usilipie mwezi ukiwa bado nyumbani. Lipia usiku tatu, ufike, uone choo na godoro, usikilize kelele za usiku, halafu ndipo uombe bei ya mwezi. Gesti ambayo ina vyumba vitupu itapunguza.

Sasa mambo ambayo hakuna tangazo litakuambia. La kwanza ni Fomu C. Sheria inamtaka anayempa mgeni wa kigeni malazi amripoti kwa mamlaka ndani ya saa 24, na gesti nyingine za bei nafuu, kwa kukwepa usumbufu huo, hazipokei wageni wa nje kabisa. Unaweza kulipa mtandaoni na bado ukarudishwa mlangoni usiku, na mgonjwa mkononi. Piga simu kwanza uulize: mnapokea wageni wa kigeni, na Fomu C mnajaza? Wakisitasita, tafuta kwingine.

La pili ni jiko. Wenye nyumba wengi hawali nyama wala hawataki ipikwe kwao, na wengine hukataa hata samaki na mayai. Ni imani yao na inastahili heshima. Uliza kabla ya kutoa pesa, maana ugomvi wa sufuria ukianza mwezi ukiwa umeshalipiwa, anayehama ni wewe.

La tatu ni umeme. Mara nyingi hulipwa mbali na kodi, kwa mita ndogo ya ndani na kwa bei aliyoipanga mwenye nyumba. Uliza yuniti moja ni rupia ngapi, na siku ya kuingia piga picha ya mita. Kiyoyozi kinakula umeme vibaya, ila Delhi ya Mei na Juni, joto likipita nyuzi 40, aliyetoka kupasuliwa anakihitaji, na hapo si pa kubana. Desemba na Januari usilipie kiyoyozi Delhi. Lipia maji ya moto na mablanketi mazito, kwa sababu usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 8 na nyumba nyingi hazina kipasha joto. Chennai haina baridi ya namna hiyo, lakini mvua zake kubwa ni Oktoba hadi Desemba na mitaa hufurika. Gesti ya ghorofa ya chini wakati huo iache.

Chakula

Kupika ndiko kunakookoa pesa. Mchele, dengu, vitunguu, nyanya, maziwa na mayai vinapatikana kila kona. Mchele wa basmati ni wa gharama. Huko kusini mchele wa kawaida wa sona masoori ni nafuu na unashibisha vilevile. Unga wa mahindi upo, ila mwingi ni wa njano na ugali wake una ladha nyingine, hivyo mgonjwa anayeutaka ule mweupe abebewe kilo mbili tatu kutoka nyumbani. Chennai na Kerala mtapata nazi, ndizi za kupika na samaki wabichi, na Kerala hata mihogo.

Nyama ya ng'ombe msiitafute Delhi. Kuchinja ng'ombe kumekatazwa huko na katika majimbo mengi. Nyama inayoitwa matani ni ya mbuzi, na bei yake ni ya juu. Kuku ndiye mwokozi wa mfuko.

Sufuria zenu za alumini ziacheni nyumbani kama chumba kina jiko la indaksheni, lile bapa la kioo. Halipashi alumini. Nunueni huko sufuria moja ya chuma. Mnayoichagua ishike sumaku chini.

Siku ambayo hamkupika, kuleni thali: sahani moja ya wali au chapati, dengu na mboga mbili tatu, kwa kama rupia 100 hadi 150 kwenye mgahawa wa kawaida, na mara nyingi mnaongezewa bila malipo. Kwenye mikahawa mikubwa soma bili. Kodi ya serikali hulipwa. Asilimia iliyoandikwa kuwa ya huduma ni hiari ya mteja, kwa mwongozo wa mamlaka ya kulinda watumiaji ya India wa mwaka 2022, nawe una haki ya kuomba ifutwe.

Silaha yako kubwa dukani imechapishwa kwenye pakiti yenyewe. Bidhaa iliyofungwa huandikwa herufi MRP, na tarakimu inayofuata ni bei ya juu kabisa pamoja na kodi zote. Mwenye duka anaruhusiwa kuuza chini ya hapo, si juu. Soma sabuni, soma maji, soma biskuti, kisha ndipo utoe noti. Mboga na nguo za sokoni hazina ulinzi huo, kwa hiyo huko mtapatana kama Kariakoo.

Maji ya bomba msinywe. Mtungi wa lita 20 unaoletwa mlangoni ni nafuu sana kuliko chupa za lita moja. Dipoziti ya mtungi hurudishwa.

Simu na pesa

Laini inauzwa kwa pasipoti, viza na picha. Za uwanja wa ndege hufungwa na vifurushi vya wageni vya bei ya juu. Za mjini ni rahisi zaidi, lakini huenda zikachukua saa kadhaa au siku nzima kuamka. Kama hospitali imetuma mtu wa kuwapokea, subirini ya mjini. Vifurushi vingi vinavyoitwa vya mwezi ni vya siku 28, kwa rupia 300 na ushei, na intaneti yake hugawanywa kwa siku: isiyotumika leo haivuki kesho.

Nchi nzima, hadi muuza nyanya, hulipwa kwa simu kwa mfumo wa UPI, ambao umejengwa juu ya akaunti za benki za India. Mgeni wa wiki chache atategemea zaidi noti na kadi. Kusanyeni noti za 50 na 100 kila mnapopata nafasi, kwani wenye bajaji hawana chenji. Noti iliyochanika ikataeni papo hapo, maana na nyinyi mtakataliwa nayo. Ndugu akiwapa noti ya rupia 2,000 aliyobaki nayo zamani, msiihesabu kwenye bajeti. Ziliondolewa kwenye mzunguko kuanzia Mei 2023.

Mkibeba noti za dola zaidi ya 5,000, zitangazeni forodhani mnapoingia na mtunze karatasi yake. Uwanjani badilisheni kiasi cha teksi na chakula cha jioni tu, kwa sababu viwango vyake huwa vibaya. Na kila mnapotoa pesa kwenye mashine kwa kadi, benki mbili zinakata: ya kule na ya kwenu. Toeni nyingi mara chache.

Usafiri

Delhi, treni ya mjini ndiyo ya kutegemea: nauli yake haizidi rupia 70 hata mkivuka mji mzima, na behewa la mbele ni la wanawake peke yao. Bajaji za Delhi zina mita. Tangu 2023 bei ni rupia 30 kwa kilomita moja na nusu za mwanzo, kisha 11 kwa kila kilomita. Dereva akikataa kuiwasha, mpite mwende kwa mwingine. Chennai mita ni nadra kuwashwa, basi angalieni kwanza bei kwenye programu ya teksi, nayo iwe kipimo chenu cha kupatana.

Dawa na bili ya hospitali

Mgonjwa akiruhusiwa, hamlazimiki kununua dawa za mwezi mzima kwenye duka lililo ndani ya hospitali. Serikali ya India ina maduka yaitwayo Jan Aushadhi, zaidi ya 10,000 nchini, yanayouza dawa zisizo na jina la kampuni kubwa kwa punguzo ambalo mara nyingi hupita nusu ya bei. Mwombeni daktari aandike jina la dawa yenyewe na kipimo chake, na mumuulize ipi haifai kubadilishwa. Akisema hii isiguswe, isiguswe, hata iwe ghali.

Makisio yenyewe yarudisheni kwa barua pepe na maswali haya: siku ngapi za wodi zimo, siku ngapi za chumba cha wagonjwa mahututi, vipimo vya kabla ya upasuaji vimo, kifaa kitakachowekwa mwilini kimo, damu imo, chakula cha msindikizaji kimo? Jibu lije kwa maandishi. Mtu aliyejitolea kuwatafutia hospitali "bure" mara nyingi hulipwa kamisheni na hospitali, kwa hiyo ombeni makisio kwa hospitali ya pili moja kwa moja, bila kupitia kwake, mlinganishe.

Tiketi ya kurudi

Tiketi ya bei ya chini kabisa, isiyobadilishwa tarehe, haifai kwa safari hii. Kidonda hakijui kalenda. Nunueni inayobadilishika kwa ada ndogo hata kama imezidi kidogo, na siku ya kuruhusiwa msiondoke bila barua ya daktari inayosema mgonjwa anaweza kuruka. Shirika la ndege linaweza kuidai kaunta, na kuitafuta siku ya safari ni kupoteza tiketi nzima.