Bustani ya mboga Olkaria yataka gunia, samadi na maji ya paa

Mkazi wa Olkaria, Kaunti ya Nakuru, anayetaka kuanza kukuza mboga karibu na nyumba yake hukabiliwa kwanza na udongo. Eneo hilo lililo kusini mwa Ziwa Naivasha limefunikwa na majivu na mawe mepesi ya volkano, na maji yanayomwagwa hapo huzama upesi mbali na mizizi. Mvua nayo ni haba, kwa kuwa bonde limekingwa na Milima ya Aberdare upande mmoja na miinuko ya Mau upande wa pili.

Wakati huohuo mvuke hufuka kila mahali. Umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa Olkaria mwaka 1981, na mapema katika miaka ya 2000 kampuni ya maua ya Oserian ilianza kutumia joto hilo katika vibanda vyake vya maua. Hata hivyo, anayeanza asidanganyike. Maji ya moto yanayotoka pamoja na mvuke yana chumvi, floridi na boroni. Hayafai kunyweshea mboga, hata wakati wa kiangazi kikali.

Maji ya kutegemewa ni ya paa. Paa la mabati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 hupokea lita 400 mvua inaponyesha milimita 10 tu, ingawa kiasi fulani hupotea njiani. Maji yaliyooshea mboga yaweza pia kutumika.

Kwa udongo wa aina hii, gunia hushinda tuta. Kilimo cha magunia kilienea katika mtaa wa Kibera, Nairobi, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipowagawia wakazi miche. Utaratibu wake ni rahisi. Kopo kubwa lisilo na kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, kisha udongo uliochanganywa na samadi hujazwa kandokando. Kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hatua kwa hatua, hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayosambaza maji hadi chini. Bila hiyo, miche ya chini hukauka huku ya juu ikistawi. Matundu hutobolewa ubavuni, na miche ya sukuma wiki hupandwa humo.

Samadi si tatizo katika boma la mfugaji, lakini isitumiwe ikiwa mbichi, kwani huunguza mizizi. Irundikwe, ifunikwe na kuachwa miezi kadhaa hadi ipoe na kupoteza harufu.

Olkaria imepakana na Mbuga ya Hell's Gate, hivyo ngiri na nyani ni majirani, mbali na mbuzi wa nyumbani ambao huenda wakawa wezi wakubwa zaidi. Ua wa matawi ya leleshwa na miiba huwazuia mbuzi na ngiri. Nyani hulindwa kwa macho.

Magunia mawili yatosha kwa mwanzo, moja la sukuma wiki na jingine la mchicha. Mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya wiki nne hivi, wakati sukuma wiki ingali ikijenga majani.