Pikipiki ya safari: Usinunue jina, nunua barabara yako

NI ndoto ya wengi, wanaume kwa wanawake: kuwasha pikipiki kubwa Ijumaa alasiri, mwenzako ameketi nyuma, na kuuacha mji na kelele zake. Lakini, msomaji, ndoto hii yaweza kuharibika mapema, siku ile ile muuzaji anapokuuliza: "Je, wataka toleo la kawaida au la juu?"

Wengi hujibu bila kufikiri: la juu. Hudhani kwamba la bei kali ndilo bora. La hasha! Toleo la juu limetengenezewa mtu mwingine na barabara nyingine. Kama mtu huyo si wewe, utakuwa umelipia mzigo.

Tuchukue mfano wa Honda Africa Twin. Pikipiki hii ilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1988, ikaachwa kuundwa kwa miaka mingi, kisha ikarejea 2016. Zile za 2020 hadi 2023 zina injini ya sisi 1,084 na matoleo mawili: la kawaida na lile liitwalo Adventure Sports.

Tangi na uzito

Toleo la kawaida hubeba lita 18.8 za petroli. Adventure Sports hubeba karibu lita 25. Ukiiendesha kwa utaratibu, lita moja hukupeleka kilomita 20 hivi. Kwa hivyo ya kwanza itakufikisha kilomita 370, na ya pili karibu 500, yaani Nairobi hadi Mombasa bila kusimama kwenye pampu.

Lakini jiulize: ni nani atakayeketi kilomita 480 bila kunyoosha mgongo? Isiolo hadi Marsabit ni kilomita 260 hivi, barabara ni ya lami, na petroli ipo miji yote miwili. Tangi dogo latosha.

Tangi kubwa lina maana ukiacha lami, kwa mfano kutoka Marsabit kuelekea Loiyangalani. Hata hivyo, huko ndiko kwenye mchanga na mawe, na Adventure Sports ina kilo 238 dhidi ya 226 za mwenzake. Ikikulalia jangwani nawe uko peke yako, hizo kilo 12 utazihesabu moja moja. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu kuilaza chini polepole, kisha uiinue. Ukishindwa dukani, porini hutaweza.

Magurudumu

Hapa toleo la juu lashinda. Adventure Sports za miaka hiyo hutumia tairi zisizo na tyubu. Ukipata pancha, huhitaji kung'oa gurudumu. Waziba tundu kwa kamba ya mpira, wajaza upepo, waendelea. Zile za kawaida zina tyubu, kwa hivyo sharti ung'oe gurudumu zima. Ukizoea kusafiri usiku au peke yako, jambo hili lina uzito kuliko tangi.

Lakini chunga mwaka! Kuanzia zile za 2024, gurudumu la mbele la Adventure Sports lilipunguzwa kutoka inchi 21 hadi 19. Hilo hutulia vizuri kwenye lami, bali si kwenye mawe. Jina ni lile lile, pikipiki ni nyingine.

Klachi au DCT?

DCT ni gia zinazojibadilisha zenyewe. Mkono wa kushoto hupumzika, na pikipiki haizimiki kwenye msongamano wala mlimani. Lakini huongeza kilo 10 hivi, na betri ikifa huwezi kuisukuma ili iwake. Anayeingia mjini kila siku ataishukuru DCT. Anayekwenda mbali na mafundi afikiri mara mbili.

Na yule wa nyuma?

Huyu ndiye husahauliwa. Bwana hupima kiti chake, hupima mwendo, hulipa, kisha humletea mkewe habari. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nenda naye dukani. Aketi nyuma nusu saa nzima, si dakika mbili. Je, magoti yamekunjika mno? Ana mahali pa kushika? Kioo kirefu cha Adventure Sports chakukinga upepo wewe, yeye chamsaidia? Mwenzako akichoka kabla ya Mtito Andei, safari imekwisha, na pengine ndiyo ya mwisho.

Nawe pia keti. Kiti cha toleo la kawaida kiko sentimita 85 au 87 kutoka ardhini, kwa jinsi ulivyokipanga. Kama vidole tu ndivyo vigusavyo chini, na nyuma kuna mtu na mizigo, mtaanguka mkiwa mmesimama.

Mwisho, andika kwenye karatasi safari tano ulizofanya mwaka uliopita, si zile unazoziota. Kama zote zilikuwa za lami na za watu wawili, waijua njia yako. Tofauti ya bei itakayobaki nunulia kofia mbili nzuri za kinga na jaketi mbili, kwani aliye nyuma huanguka pamoja nawe.