Jinsi ya Kupanga Safari ya Kutazama Wanyama Tarangire

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamekwisha kusikia habari za safari yetu ya mwaka juzi, tulipokuwa Kidato cha Pili, ile ambayo mpaka leo mabwenini huitwa "safari ya matope". Mimi ndimi niliyekuwa mweka hazina wa safari ile, na ndimi niliyechagua tarehe yake. Nilichagua mwezi wa Aprili kwa kuwa mwenye basi alitupunguzia bei sana mwezi huo. Sikujiuliza kwa nini alikuwa tayari kutupunguzia.

Tulifika langoni saa 6 mchana. Saa 8 basi lilinasa katika udongo mweusi, na mpaka saa 10 tulikuwa tukilisukuma. Siku nzima tuliona pundamilia 9, swala wachache, na mgongo wa tembo mmoja ukipita juu ya majani marefu. Kila mwanafunzi alikuwa ametoa shilingi 30,000, na baba wa mwenzetu mmoja aliuza mbuzi ili mwanawe asibaki. Basi mwaka jana, tulipotaka kwenda tena, hapakuwa na mtu ye yote aliyetaka kunikabidhi fedha yake. Ilinilazimu kwanza kujifunza kwa nini tulikosa wanyama, na hayo ndiyo nitakayoeleza hapa, kwani nasikia Kidato cha Tatu wanakusudia kwenda.

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970, ina eneo la kilomita za mraba 2,850. Iko kiasi cha kilomita 118 kutoka Arusha, ukifuata barabara ya kwenda Dodoma. Hifadhi imepewa jina la mto unaopita ndani yake na kumwaga maji katika Ziwa Burunge. Mto huo ndio siri ya mambo yote. Wakati wa masika, maji hupatikana kila mahali, hata katika vidimbwi vya njiani. Basi nyumbu na pundamilia wana haja gani ya kukaa mtoni? Huondoka kwa makundi, wengine kuelekea kaskazini, wengine mashariki mpaka nyanda za Simanjiro. Huko majani ni mafupi na yana madini ya fosforasi kwa wingi, ambayo majike huyahitaji sana wakati wa kuzaa na kunyonyesha. Kwa hiyo siku ile ya Aprili, wakati sisi tulipokuwa tukisukuma basi, wanyama tuliowafuata walikuwa nje ya hifadhi, wakilea watoto wao.

Kiangazi mambo hugeuka. Vidimbwi hukauka, na Mto Tarangire huwa karibu ndio maji pekee yaliyobaki. Kuanzia Julai mpaka Oktoba wanyama hurudi na kujaa kandokando yake. Hata pale mto unapoonekana kuwa mchanga mtupu, tembo huchimba kwa miguu na mkonga mpaka wakayafikia maji, na wanyama wengine hungoja zamu yao nyuma yake. Tena majani huwa yamekwisha kunyauka, hivyo mtu huona mbali. Anayeweza kuchagua mwezi mmoja tu, achague Septemba.

Hapa niruhusiwe kutoka kidogo njiani nieleze jambo nililosoma, ambalo lilinifariji. Mwaka 1993 kulikuwa na ukame mkali sana Tarangire. Watafiti waliokuwa wakifuatilia koo za tembo waliona kwamba katika muda wa miezi 9 walikufa watoto 16 kati ya 81. Lakini koo zilizohama hifadhi kutafuta maji kwingine zilipoteza watoto wachache kuliko ile iliyobaki. Inadhaniwa kwamba majike wazee waliokuwa wakiziongoza waliukumbuka ukame wa zamani, miaka zaidi ya 30 nyuma, na wakakumbuka pa kwenda. Hata tembo, basi, huhitaji mweka hazina aliyekwisha kupata hasara mara moja!

Sasa nirudi kwenye mipango. Jambo la pili baada ya mwezi ni saa. Simba huwinda usiku na alfajiri, na jua likiwa kali hulala kivulini asionekane. Anayefika langoni saa 6 mchana amekwisha kupoteza nusu bora ya siku. Shule yetu iko mbali, na si vizuri wanafunzi kusafiri usiku wa manane. Kwa hiyo Bwana Mwalimu wa Jiografia aliandika barua kwa shule moja iliyo karibu na hifadhi, tukapewa madarasa mawili ya kulala. Tulichukua mablanketi na magodoro yetu wenyewe. Saa 12 na robo asubuhi tulikuwa langoni. Adhuhuri, wakati wanyama wengi wanapopumzika, tulisimama juu ya ukingo wa mto na kuzima mashine, kwani tembo hupenda kushuka kunywa wakati wa joto. Tuliwahesabu 63 pasipo kusogea hata hatua moja.

Gari nalo lichaguliwe kwa akili. Basi kubwa ni rahisi kwa kila kichwa, lakini wanaokaa katikati hutazama visogo vya wenzao. Sisi tulikodi mabasi madogo mawili. Hata hivyo dirisha lilileta ugomvi siku za mwanzo za mipango, mpaka tukakata shauri kwamba kila saa moja walio dirishani wabadilishane na walio ndani. Darubini tulikuwa na moja kwa kila gari, na mtu alipewa dakika 2. Nasikitika kusema kwamba kiongozi wetu wa bweni alitumia 9.

Malipo ya kiingilio hayapokelewi kwa fedha taslimu langoni, hivyo mweka hazina asifike na bahasha ya noti. Hulipwa kwa njia ya benki au simu, na yafaa kumaliza jambo hilo mapema. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni wa kutoka ng'ambo. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa pungufu ya mtu mzima. Basi orodha ya majina ionyeshe umri wa kila mmoja, la sivyo mtalipa zaidi ya inavyopasa.

Kuhusu mavazi, msivae sweta za shule. Sweta zetu ni za buluu iliyokolea, na mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi kuliko zote. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Safari ya kwanza tulivaa sare kamili ili tupendeze, tukaumwa vibaya. Chakula kiwe kikavu, kama chapati na mayai ya kuchemsha, na kifungwe vizuri, kwa sababu tumbili wa pale penye meza za kulia hawaogopi wanafunzi hata kidogo. Mifuko ya plastiki ya kubebea isichukuliwe, imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2019.

Lakini kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa mkutano wa wazazi. Nilisimama na daftari langu nikasoma hesabu yote, basi, kiingilio, chakula, na akiba. Nilipomaliza, mzee mmoja akainuka. Nilimtambua, ndiye aliyeuza mbuzi.

"Mwanangu," akasema, "hao tembo, mara hii wamearifiwa?"

Watu wakacheka. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," nikamweleza habari za mto na majani ya Simanjiro kama nilivyoeleza hapa, tena nikakiri mbele ya wote kwamba tarehe ya kwanza ilikuwa kosa langu mimi, si la mwalimu. Akafikiri kidogo, akasema, "Hata ng'ombe wangu kiangazi huwapati po pote ila kisimani." Akaketi. Kesho yake mwanawe aliniletea shilingi 28,000, wa kwanza katika darasa zima.

Wanafunzi 6 hawakuweza kutoa cho chote. Tulilima mchicha nyuma ya jiko kuanzia Machi, tukawauzia walimu na majirani, na fedha hiyo ikawatosha wote 6. Hakuna aliyebaki shuleni kwa ajili ya ukosefu wa fedha, ila mmoja aliyekuwa na homa.

Salio lilikuwa shilingi 14,500. Tumelikabidhi kwa kamati ya Kidato cha Tatu pamoja na mbegu za mchicha. Daftari la hesabu liko kwa Bwana Mwalimu wa Jiografia, na ukurasa wa kwanza ni ule wa Aprili.