Je, Nirudie KCSE na Nimepita?

Matokeo ya KCSE ya 2024 yalipotangazwa Januari 2025, kaka yangu alipata A-, pointi 77 kati ya 84. Mama alikuwa soko la Kibuye na omena zake. Alipiga vigelegele mpaka wateja wakaja kuuliza kuna nini. Jioni tukamkuta mwenyewe amenuna kitandani.

"Omera, A- na bado unalia?" mjomba akamwuliza.

Kumbe alikuwa na sababu. Tangu utotoni alitaka udaktari, avae koti jeupe pale hospitali ya rufaa, ile tunayoiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Alikuwa amekwisha piga hesabu akaona hafiki. Sasa alitaka kurudia mtihani.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunadhani gredi ya jumla ndiyo inayofungua mlango wa chuo. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, huangalia pia masomo manne yanayohusu kozi unayoitaka, kila moja pointi 12, jumla 48. Kwa udaktari ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kaka alikuwa na A katika Kiswahili, Jiografia na Biashara. Raha tupu! Lakini Biashara haihesabiwi katika hayo manne, na Kemia alipata B. Jumla yake ikawa 43. Binti wa jirani yetu alipata B+ ya pointi 73, lakini kwa masomo hayo manne alikuwa na 46. Ingawa gredi ya jumla nayo huingizwa katika hesabu, bado alimpita kaka.

Basi mwalimu wetu mmoja alimwuliza swali moja tu: "Ile B ya Kemia ni ajali au ni yako?"

Kuna tofauti kubwa hapo. Rafiki yake wa kule Dunga alifanya karatasi za Biolojia akiwa na malaria, akapata C+ na daima alikuwa mtu wa A-. Huyo alirudia, na kwa maoni yangu alifanya vyema. Kaka alichukua ripoti zake za zamani akazitandaza mezani. Kemia: B, B-, B, na mtihani wa majaribio B. Karatasi ya tatu, ile ya maabara yenye alama 40, ndiyo iliyomwangusha kila mara, hasa pale pa kudondosha asidi kwa bureti mpaka rangi ibadilike. Hiyo haikuwa ajali.

Tena, huwezi kurudia Kemia peke yake ukaibandika kwenye cheti cha zamani. Ukitaka gredi mpya ya jumla lazima ufanye masomo yasiyopungua saba katika mtihani mmoja. Ile A ya Kiswahili ingebidi aitafute upya, na nani anaweza kuahidi A mara mbili?

Ubaya mwingine ni kalenda. Kujiandikisha kwa mtihani hufungwa mapema katika mwaka, ilhali majibu ya KUCCPS hutoka katikati ya mwaka. Kwa hiyo unaamua kabla ya kujua umepewa nini. Unachoweza kufanya ni kulinganisha pointi zako na zile za mwisho zilizokubaliwa mwaka uliotangulia katika kila chuo.

Halafu pesa. Baba alisema wazi kwamba karo ya mwaka mwingine ingetoka kwenye karo yangu mimi. Nilinyamaza, lakini jameni, moyo ulinidunda! Sisi tulioingia kidato cha kwanza 2024 ndio darasa la mwisho la 8-4-4, na KCSE yetu ni ya 2027. Nikikaa nyumbani muhula mmoja, darasa la nyuma yangu la kunisubiri halipo.

Kaka alifikiri wiki mbili. Aliandika udaktari kwanza, Afya ya Jamii ya Maseno chini yake, na hakujiandikisha tena. Akapewa Maseno. Kwa muda alikuwa hapendi kuulizwa anasomea nini. Siku ya kuondoka alinipa kitabu chake cha Kemia, akafungua ukurasa wa bureti, akasema, "Anzia hapa."