Motoka inalia tiki-tiki: simama kwanza, usikilize

Tuseme leo ni siku ya posa. Jamaa yote imevaa vizuri, mama ameshika mfuko wa zawadi, watoto wamekwisha kupanda. Mko Likasi, mnakwenda Kolwezi. Unawasha motoka, na chini ya kapo unasikia: tiki-tiki-tiki-tiki. Jana haikulia hivi. Mdogo wako aliye kando anasema: "Ah, yaya, njo vile inaliaka. Kamata njia tu, itanyamaza."

Wote wanakutazama. Utafanya nini?

Sauti ile usiichukie wala usiifunike. Ni motere inayokuambia shida yake wakati ingali ndogo. Ujue mambo mawili: mafuta yako kiasi gani, na sauti inatoka juu ao chini. Ukiyajua hayo, utajua kama mnaweza kusafiri ao motoka ibaki nyumbani.

Je, ni motere kweli?

Acha motere izunguke, motoka imesimama. Sauti ingali inalia? Kama inalia tu wakati wa kutembea, na inafuata mwendo wa magurudumu, tazama mipira kwanza. Njia zetu za migodi zina mawe na misumari; jiwe dogo lililoshikwa katika mpira linagonga chini kila duara. Lakini ukiona msumari, usiuvute kabla ya kuwa na mpira mwingine tayari! Na kama inalia unapokata kona, fundi atazame kardani.

Kama inalia hata motoka ikisimama, na inaongeza mbio ukikanyaga esansi, basi shida iko kwenye motere.

Mafuta, mbele ya yote

Zima motere. Motoka isimame mahali pa sawasawa. Ngoja dakika 5 ao 10 ili mafuta yashuke. Vuta kile kijiti mafundi wanachoita joje, kipanguse kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha ukivute tena na kusoma. Kuna alama mbili. Katika motoka nyingi ndogo, toka alama ya chini mpaka ya juu ni karibu litri 1. Mafuta yakiwa chini ya alama, ongeza kidogo kidogo, ya namna ile kitabu cha motoka kinataka, wala usipite alama ya juu. Kisha ujiulize: yamekwenda wapi? Yanavuja chini, ao yanaungua na kutoa moshi wa bluu?

Sababu ni hii. Chini ya motere kuna pompo inayovuta mafuta na kuyasukuma mpaka juu, kwenye supape, ile milango midogo inayoingiza hewa na kutoa moshi. Mafuta yakipunguka, pompo inavuta hewa, na huko juu chuma kinagonga chuma. Katika motoka nyingine kuna vikombe vidogo vinavyojaa mafuta ili kuziba nafasi ya supape. Usiku vinaweza kumwaga mafuta yake, na asubuhi motere inalia kwa sekunde chache, kisha inanyamaza. Hiyo isikuogopeshe. Lakini kama motere imepata moto na ingali inalia, peleka kwa fundi.

Na ile taa nyekundu ya mafuta ikiwaka wakati motere inazunguka, zima palepale. Usiseme "garaje iko karibu". Motere isiyopata mafuta inaweza kuharibika kwa dakika chache tu. Afadhali motoka ivutwe kwa kamba.

Juu ao chini?

Kijana, chukua turnevisi ndefu. Weka ncha yake juu ya kifuniko cha motere, na mkono wake karibu na sikio. Inasikiliza kama chombo cha munganga. Lakini toa shali, kunja mikono ya shati, funga nywele, na ukae mbali na mukaba na ventilatere. Ventilatere ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata motere ikiwa imezimwa. Na usiwashe motere ndani ya garaje iliyofungwa: moshi wake unaua.

1. Juu: sauti nyepesi, kama cherehani. Ni supape. Motere ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila supape inafunguka mara 400 tu. Ndiyo maana sauti yake inakwenda polepole kuliko motere yenyewe. Mara nyingi nafasi ya supape imekuwa kubwa. Fundi anaipima kwa kijani chembamba cha chuma, kwa vipimo kama milimita 0,20 ao 0,25, kufuatana na kitabu cha motoka. Usimwambie abane mpaka sauti iishe kabisa! Supape iliyobanwa mno inanyamaza, lakini haifungi vizuri, na inaungua. Kunyamaza si kupona.

2. Kando: sauti ya kupuliza, kubwa asubuhi, inapunguka motere ikipata moto. Ni moshi unaotoroka kwenye juani ya bomba la moshi. Tazama kama kuna masizi meusi. Inaweza pia kuwa buji iliyolegea. Ao waya wa buji unapoteza moto: usiku fungua kapo, utaona cheche za bluu. Tazama tu, usiguse.

3. Chini: sauti nzito, ngo-ngo-ngo, inayozidi ukikanyaga. Ogopa hiyo. Mara nyingi ni biele. Zima motere, usisafiri. Fundi anaweza kukata moto wa buji moja moja; sauti ikipunguka, anajua ni biele gani. Ikikamatwa mapema, kuna tumaini la kutengeneza. Biele ikivunjika, inaweza kutoboa motere yenyewe.

Usidhani kila sauti ni ugonjwa. Motere ya mazuti inagonga kwa desturi yake, na injektere nazo zinalia tiki-tiki nyepesi. Kinachotafutwa ni sauti ambayo jana haikuwako.

Ukinunua motoka

Wako watu wanaotia mafuta mazito mno ili motere inyamaze siku ya kuuza. Basi, kabla ya kutoa feza kwa motoka iliyoingia kwa Kasumbalesa, weka mkono juu ya kapo. Ni ya moto? Inaweza kuwa mwenyewe aliiwasha mbele yako. Mwambie: "Nitarudi kesho asubuhi, usiiwashe." Motere ya baridi haifichi siri zake.

Sasa turudi kwenye posa yetu. Umepima: mafuta yalikuwa chini ya alama. Umeongeza nusu litri, umewasha tena, na baada ya muda kidogo cherehani imenyamaza. Taa nyekundu haiwaki, chini hakuna kinachogonga. Haya, pandeni, mwende polepole, na Fungurume usimame upime tena.

Lakini kama umesikia ngo-ngo-ngo, washushe wote, tafuteni basi, hata kama mdogo wako atanuna. Wakwe watangoja saa 2 ao 3, na mkiwaeleza watasamehe. Motere iliyokufa njiani haisamehe: itakula minervali ya watoto, na ile motoka iliyokuwa inawalisha itageuka kuwa nyumba ya kuku nyuma ya kiwanja.

Jioni hii, mpe kijana wako kitambaa safi, umwonyeshe joje iko wapi. Hakulipishi hata franka moja.